Zawadi ya Kukesha

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Domitille hakuwa ameficha maradhi ya mumewe. Alikuwa ameyashangilia, akayapigia vigelegele na kuyatolea shukrani mbele ya watu, na alipokuja kulijua hilo ilikuwa Jumatano asubuhi, katika uwanja wa parokia pale Cimpunda, vidole vya muuguzi vikiwa shingoni mwake.

Watu walikuwa wamepanga mstari tangu mvua ilipokatika. Chef wa selile, mkubwa wa mtaa, alikuwa amezunguka kilima chote na megafoni akitangaza kwamba kila citoyen na kila citoyenne aje kupimwa, na asiyekuja atafute mwenyewe maneno ya kumwambia yeye. Chini ya turubai kulikuwa na meza, na mezani kulikuwa na mashine ya kutazamia damu. Watoto walitobolewa kidole wakalia, mama zao wakawacheka. Ilikuwa karibu kama sikukuu.

"Inama kidogo, maman," alisema muuguzi Gérard. Hakumtazama usoni. Alimpapasa shingo kwa nyuma, upande huu na upande huu, polepole, kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya maharagwe. "Weye uko muzuri. Hakuna kitu."

"Unatafuta nini, docteur?"

"Mimi si docteur. Natafuta tezi. Zinakuwaka hapa, zinateleza chini ya kidole sawa maharagwe yenye imeiva. Malale njo vile inaanzaka."

Domitille aliinua kichwa ghafla. Hayo maharagwe aliyajua. Kila Jumamosi jioni alimkanda mumewe shingo kwa mawese, na chini ya dole gumba lake vile vitu vilikimbia huku na huku, naye Isidore alimwambia ni uchovu wa usukani. Hakuwahi kuvipa jina. Leo vilipewa jina na mtu ambaye hakuviona.

"Nani kwako anatembeaka njia ya Kasongo?" Gérard aliuliza. Aliwauliza wote hivyo. Timu ilikuwa imeletwa Cimpunda na habari ya Modeste, msaidizi wa kamio, lori la mizigo, aliyepelekwa hospitali akiwa hamtambui hata mama yake mzazi, na katika damu yake wakakuta vile vijidudu vinavyopandwa na mbung'o.

"Bwana yangu. Alikuwa chauffeur. Aliacha."

"Alikuwa na Modeste ku kamio moja?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini aliacha?"

"Alichoka tu." Hakusema kwamba mwenye kamio alimnyang'anya funguo baada ya gari kuingia mtaroni kule Miti mchana kweupe, barabara kavu, hakuna mbuzi wala mtu mbele.

"Usiku analala?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Nyuma yake mstarini alisimama Maman Virginie wa kikundi cha maombi, na masikio ya Maman Virginie hayakuwa na mlango. Tena Cimpunda yote ilijua kwamba Isidore halali usiku. Aliporudi safari ya mwisho alianza kuamka na kuzunguka nyumbani gizani, na kwa kuwa usingizi haukuja, alisali. Papa Polycarpe, fundi cherehani aliyeongoza kikundi, aliposikia alilia kwa furaha. Alisema Bwana aliwaomba rafiki zake wakeshe naye saa moja tu, wakashindwa, na sasa Cimpunda imepata mtu anayeweza usiku mzima. Tangu siku ile Isidore alikuwa mkeshaji wao. Katika mikesha wengine walianguka mmoja mmoja kama ndizi mbivu, yeye akabaki wima mpaka jogoo. Watu walimletea majina ya watoto wao wagonjwa. Sokoni Kadutu, wanawake walimsogezea Domitille mahali pazuri pa kutandika ndagala zake, dagaa wakavu. Mchana Isidore alisinzia, ndiyo. Lakini mlinzi wa usiku si hulala mchana?

"Analala," alisema Domitille. "Analala muzuri."

Nyuma yake, Maman Virginie alikohoa.

*

Alimkuta Isidore mlangoni, ameketi kwenye kigoda, sahani ya bugali mapajani. Tonge lilikuwa mdomoni na hatafuni. Macho yalikuwa yamefumbwa. Mchuzi ulitiririka kidevuni ukaingia katika kola ya shati, na inzi wawili walitembea juu ya mdomo wake bila haraka, kama wenye nyumba.

Domitille alikuwa ameona hivyo mara nyingi, akatandaza khanga juu ya magoti yake na kuwaambia majirani wapite kimya. Leo aliweka beseni chini, akaingiza kidole katika kinywa cha mumewe na kulitoa lile tonge, kama unavyomtoa mtoto udongo.

"Nini?" Isidore alishtuka. "Unanifanya nini?"

"Ulilala na chakula mu kinywa, Baba Marcelline." Alimwita hivyo kwa jina la binti yao aliyeolewa Uvira.

"Nimefunga macho sasa hivi tu."

"Bugali imekuwa baridi. Imekauka."

Isidore aliitazama sahani kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Mkono ulioshika sahani ulitetemeka, na ule mwingine ulijikuna mbavu, ukajikuna tena palepale penye vidonda vya kujikuna.

"Batu ya malale bamekuja ku parokia," alisema mkewe. "Bananitafuta shingo. Bananiuliza kama unalalaka usiku."

"Ukajibu nini?"

"Nimesema unalala."

Isidore alicheka, cheko fupi. "Ku parokia, mbele ya Bikira Maria, ukasema bongo, uongo mutupu. Wangenijua mie niko nani, wangepiga magoti."

"Baba Marcelline, Modeste pia..."

Sahani iliruka. Ilimpita Domitille sikioni, ikapiga ukuta wa udongo, ikaanguka bila kuvunjika kwa sababu ilikuwa ya bati. Katika miaka yote ya ndoa yao Isidore hakuwahi kumtupia hata neno. Wote wawili walibaki wakiitazama sahani inavyozunguka chini mpaka ikatulia.

"Usinichanganye na ule mulevi," alisema. Kisha, kabla hasira haijamtoka usoni, macho yake yakaanza tena kufumba.

Papa Polycarpe aliingia bila kubisha, utepe wa kupimia ukiwa bado umemning'inia shingoni. Alikuwa mtu mpole, mwenye mgongo uliopinda kwa kazi, na hakuna aliyewahi kumsikia akitamba.

"Amani ku hii nyumba! Papa Isidore, uko tayari? Ijumaa tunateremuka Mumosho, siku tatu. Hakuna kula, maji tu. Weye njo utatushika usiku. Mie mwenyewe najijua, saa sita ikifika nakuwa gunia."

"Niko tayari," Isidore alisema, na uso wake ukang'aa kama wa kijana aliyeitwa harusini.

Domitille alimpa mgeni maji. Alisubiri amalize kunywa, maana si adabu kumpa mtu neno gumu kikombe kikiwa mdomoni.

"Papa Polycarpe. Kama ni ugonjwa?"

"Nini njo ugonjwa?"

"Kukesha."

Polycarpe hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Aliketi, akaukunja utepe wake kidoleni, akaukunjua.

"Maman, nilikuwa na kaka, Adalbert. Alikuwa natafuta zahabu kule Kamituga, kisha akaendelea mbele mpaka Kasongo. Alikuwa nasinzia tu, ni vile. Alienda hospitali na miguu yake. Bakamutoboa mugongo na sindano, bakamuwekea ile dawa yao. Siku ya pili akaanza kulalamika moto. Moto, moto, moto, mupaka sauti ikaisha. Mimi njo nilimuosha." Aliitazama mikono yake. "Shingo, mabega, yote nilimuosha mwenyewe. Njo maana nasema, mutu ya Mungu asipeleke mugongo yake ku sindano. Na pia banasema ile sindano inamaliza mwanaume."

Alipoondoka, Isidore alikuwa amelala tena. Domitille aliokota sahani, akaiosha, akaiosha tena. Sasa aliogopa vitu viwili, na kila kimoja kilikuwa kimesimama katika njia ya kukimbia kingine.

*

Kesho yake alirudi parokia na beseni la ndagala kichwani, ili mtu akimwona aseme amekwenda kuuza. Timu ilikuwa ikimalizia watu wa mwisho. Msaidizi mnene aliyetazama damu, jina lake Camille, aliyemjua Modeste tangu zamani, alimwona akizunguka turubai.

"Maman, ondoa hizo ndagala! Zinanuka kuliko Modeste siku ya mushahara."

"Nataka kusema na muuguzi."

Gérard alikuwa ananawa mikono. Domitille alikuja karibu naye, akazungumza akitazama sabuni.

"Ile dawa ya malale, ni kweli inaua batu?"

Aliendelea kunawa muda mrefu, kidole kwa kidole.

"Inaua," alisema. "Si bote. Lakini sitakudanganya, kuna bale tunazika. Ni sumu, maman. Tunaipima ili iue kidudu mbele ya kuua mutu, na kuna wakati inakosea."

"Na mutu akiikataa?"

"Dawa inakosea wakati moja-moja. Ugonjwa haikosei hata siku moja."

Domitille alitua beseni chini. "Jana nilikudanganya. Bwana yangu halali usiku. Ana zile tezi. Analala muchana na chakula mu kinywa."

"Usiku anafanya nini?"

"Anasali. Alipata zawadi ya kukesha."

Camille alikuwa akisikiliza, na cheko lilimtoka kama maji yaliyovunja kizuizi. "Zawadi! Hata Modeste alikuwa na hiyo zawadi, ila yee alikuwa nakesha ku bar! Angejua, angesema ni Roho Mutakatifu, bamulipie bière!"

Waliobaki mstarini walicheka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alicheka mpaka akajifuta machozi. Domitille alisimama akitazama vidole vya miguu yake katika matope, na uso ulimwaka. Gérard alimkemea Camille, akamwambia afunge mdomo na kutazama kioo chake. Lakini Domitille alikuwa ameona pembe ya mdomo wa Gérard mwenyewe ikitikisika kidogo.

"Tangu lini?" Gérard aliuliza.

"Tangu mvua ya mwaka jana."

"Mwaka! Na hakuna mutu alishituka?"

"Tulishukuru," alisema Domitille.

Hapo mdomo wa Gérard haukutikisika tena, wala Camille hakucheka.

Alimweleza basi, kwa sauti ya chini, kwamba ugonjwa unapogeuza usiku na mchana unakuwa umeshapanda kichwani, na kila wiki inayopita unakula kitu ambacho hakirudi. Kwamba dawa waliyokuja nayo imewekwa katika hospitali ya mjini kwa ajili ya watu watakaopatikana sasa, na ikibaki inabebwa kwingine. Domitille akamwambia habari ya Mumosho na mfungo wa siku tatu.

"Asifunge!" Gérard alimshika mkono. "Unanisikia? Mwili ikiwa mutupu, dawa itaingia haitamukuta mutu wa kupigana nayo. Ukitaka, naambia chef atume vijana wa chama bamulete."

Domitille aliwaona vijana wale akilini mwake, mashati ya kijani, wakimburuta Isidore kwenye matope ya Cimpunda kama mwizi wa kuku, na watu wakisimama milangoni.

"Apana," alisema. "Nitamuleta mie."

Hakujua kwa njia gani.

*

Ijumaa mchana kikundi kilikusanyika nyumbani kwa Papa Polycarpe. Vifurushi vilikuwa mlangoni, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Kabla ya mfungo walikuwa na desturi yao: kila mmoja alipiga magoti, na mkono wa kuume wa mwombaji ukawekwa nyuma ya shingo yake, mahali nira inapokaa, ili abebe siku zile bila kuchoka. Zamani Polycarpe ndiye aliyeweka mkono. Tangu Isidore awe mkeshaji, kazi hiyo aliachiwa yeye. Aliwawekea wote. Yeye mwenyewe hakuwekewa na mtu, maana nani amwekee mlinzi?

Isidore alipita katikati yao, mkono ukitetemeka juu ya shingo moja baada ya nyingine, nao waliuita ule mtetemo nguvu. Alipofika mwisho, Domitille alisimama.

"Papa Polycarpe, naomba. Leo na yeye awekewe."

"Maman Domitille," alisema Maman Virginie kutoka kwenye mkeka, "leo njo weye unapanga maombi?"

"Sipangi. Naomba."

"Jana walikuona unauza ndagala ku batu ya sindano. Uliuza na bwana?"

Wengine waliguna. Isidore aligeuka, akamtazama mkewe kwa macho mekundu yaliyovimba, na ilionekana kwamba alikuwa anatafuta jinsi ya kukasirika lakini hakumbuki ilipowekwa.

"Haina neno," Polycarpe alisema haraka, kwa kuwa hakupenda ugomvi mbele ya sala. "Mutu yote anahitaji baraka. Piga magoti, ndugu yangu."

Isidore alipiga magoti. Polycarpe alifumba macho, akaweka mkono wake nyuma ya shingo ile, akaanza: "Bwana wa majeshi, umutazame mutumishi wako..."

Mikono ya fundi cherehani hujua kitu kilicho chini ya kitambaa. Kidole kilisogea, kikasimama. Kikasogea tena. Aliinua mkono wa pili, akaupeleka upande mwingine wa shingo, na huko pia ukasimama.

"Adalbert," alisema Polycarpe, karibu bila sauti.

Mtu mmoja nyuma alidhani ameona maono, akaanza kuimba. Wengine wakaitikia.

"Munyamaze!" Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Munyamaze nyote. Papa Isidore, tangu lini uko na hivi vitu?"

Kichwa cha Isidore kilikuwa kimeteleza mbele, paji la uso likilala juu ya tumbo la Polycarpe, na mate yalikuwa yanachora doa kwenye shati. Mara ngapi walikuwa wamemwona hivyo, wakasema anapumzika katika Roho! Safari hii hakuna aliyesema amina. Chumba kizima kilisikiliza mkoromo wake, na ilikuwa sauti ya mtu aliyezama mbali sana na pale, mahali pasipo na sala yoyote.

Polycarpe alibaki amemshikilia asianguke. Machozi yalimtoka, hakuweza kuyafuta.

"Maman," alimwambia Domitille, "nilimuosha kaka yangu na hii mikono. Nikisema huyu aende, akufe, nitakuwa nimeua mara ya pili. Nikisema asiende... Naogopa. Sijui niseme nini."

"Na mie naogopa, Papa. Sikukuuliza useme. Nakuomba tu ushike mukono yake ya kuume, mie nashika ya kushoto, tuteremuke naye."

*

Hospitalini walimkunja ubavuni kama mtoto tumboni, wauguzi wawili wakamshika. Hapo Isidore aliamka vizuri kuliko alivyoamka kwa wiki nyingi.

"Domi! Umeniuza, Domi! Mbele ya Mungu umeniuza!"

Domitille alisimama nje ya pazia, akalishika pazia kwa meno. Sindano iliingia mgongoni. Alijua kwa jinsi sauti ilivyokatika.

Maji ya mgongo yalikuwa na vijidudu. Ugonjwa ulikuwa umepanda, kama Gérard alivyosema. Siku ya dawa ilipofika, Domitille aliona muuguzi anachukua bomba la kioo, akauliza kwa nini si lile la plastiki analowachomea wengine.

"Plastiki inaharibikaka," muuguzi alisema, bila kufikiri anamwambia nani. "Hii dawa inaikula."

Basi akakaa akitazama kitu kinachokula plastiki kikiingia polepole katika mshipa wa mumewe. Isidore aliuma midomo. Jasho likamtoka. Siku ile haikutokea kitu, wala siku iliyofuata. Majirani wa wodini walianza kumpongeza Domitille, naye aliwaomba wanyamaze.

Ilikuja baada ya sindano ya tatu, wakati wa kugawa uji. Isidore alisema kichwa kinamuuma. Kisha akasema neno ambalo Domitille alikuwa amelingoja kwa siku zote zile, kila alipofungua mdomo.

"Moto," alisema. "Domi, moto."

Mwili ulijinyoosha kama ubao, ukaanza kupigapiga kitanda. Uji ulimwagika. Wauguzi walikimbia, mmoja akaweka kitambaa katikati ya meno, mwingine akapaza sauti aletewe kitu ambacho hakikuwepo katika kabati, akakimbia kukitafuta kabati lingine. Walimsukuma Domitille nje. Barazani alimkuta Polycarpe, aliyekuwa amekuja na mkate. Alikuwa amesikia lile neno. Alikuwa ameegemea ukuta, mkate kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuchimba kaburi.

"Tusali, Maman," alisema.

Domitille alitafuta maneno. Miaka yote hii alikuwa mke wa mkeshaji, na maneno yalikuwa ya mumewe; yeye aliitikia tu. Alichopata kilikuwa kidogo na hakikuwa kizuri. "Nyamuzinda," alisema, kwa jina la Mungu alilofundishwa na bibi yake, "nilikushukuru kwa ugonjwa. Sikujua. Usinilipe."

Walikaa hivyo, na kila mlango ulipofunguliwa walitazama miguu ya anayetoka, maana waliogopa kutazama uso. Jua lilipofika kwenye ukingo wa baraza muuguzi alitoka, akavua kofia yake, akajifuta shingo kwayo.

"Ametulia," alisema. "Anapumua. Kesho tutajua kama anatujua."

Kesho yake Isidore aliwatazama wote wawili muda mrefu. Kisha akamwomba Polycarpe ule mkate.

*

Walirudi nyumbani wiki kadhaa baadaye, mvua ikinyesha. Isidore alikuwa mwepesi kama fimbo; Polycarpe alizipunguza suruali zake zote kiunoni, akakataa malipo. Maman Virginie hakuja. Sokoni Kadutu wanawake walimrudisha Domitille mwisho wa mstari, karibu na mfereji, na mmoja alisikika akisema huyu ndiye aliyeibadilisha zawadi ya Mungu kwa sindano. Kikundi kilikuwa bado kinakesha, lakini ilisemekana ikifika saa sita wote huwa magunia.

Gérard alipita mara moja, timu ikiwa njiani kwenda Miti. Alimpapasa Isidore shingo, akaridhika nusu.

"Atarudi ku sindano ya mugongo, tena na tena, mupaka miaka mbili ipite. Hii kitu inajifichaka." Kisha akamgeukia Domitille. "Mie nitakuwa mbali. Weye njo macho yangu mu hii nyumba. Ukimuona analala muchana, usingoje."

Gérard alipoondoka, Isidore aliketi kwenye kigoda chake.

"Nalala usiku sasa," alisema. "Sawa jiwe."

"Ndiyo. Namushukuru Mungu."

"Mie bado." Alikuwa akitazama mikono yake, ambayo haikutetemeka tena. "Ule wakati, Domi, nilikuwa naamuka na Mungu iko pale. Karibu, sawa vile weye uko. Nilikuwa namuambia majina ya batoto ya batu, na iko nasikiliza. Sasa naita, naita. Ni kimya tu. Unafikiri ilikuwa ugonjwa tupu? Hata kusikiliza kwake?"

Domitille hakuwa msomi, wala hakutaka kumdanganya tena mtu yeyote. "Sijui, Baba Marcelline," alisema. "Ile jina ya batoto, uliitaja kweli. Hiyo haikuwa kidudu."

Isidore hakuonekana kufarijika.

Jumapili ile baada ya misa walikula bugali na mchicha wa lengalenga. Domitille alitoka nje kumwaga maji. Aliporudi, Isidore alikuwa ameketi palepale, mikono magotini, kidevu kifuani. Macho yalikuwa yamefumbwa. Jua lilikuwa katikati ya mbingu.

"Baba Marcelline."

Alikaribia hatua moja.

"Isidore."

Hakusogea. Kwa Domitille ulimwengu mzima ulisimama: wodi, uji uliomwagika, bomba la kioo, yote yalikuwa yanaingia tena mlangoni bila kubisha. Aliangusha sufuria, akamrukia, akamshika mabega kwa mikono yote miwili na kumtikisa, kisha vidole vyake vyenyewe vikakimbilia nyuma ya shingo yake, upande huu, upande huu, vikitafuta.

Isidore alifungua jicho moja.

"Niko nasali, Domi," alisema kwa uchovu. "Ni ya kwanza tangu nitoke hospitali. Niache basi nimalize."

Domitille aliondoa mikono. Aliomba msamaha. Aliketi chini mbele yake, magoti yakigusana na ya mumewe, naye akaanza kusali pamoja naye. Isidore alifumba tena macho yake, na midomo yake ikaanza kusogea polepole, kama ya mtu anayejifunza kusoma.

Domitille hakufumba macho yake.